Bedilaina ni nini, na ipi inafaa pikapu yako?

Bedilaina ni kinga ya bodi, yaani sehemu ya kupakia mizigo ya pikapu. Hufunika sakafu, kuta za pembeni, ukuta wa mbele ulio nyuma ya kebini, na mara nyingi upande wa ndani wa mlango wa nyuma, ili mzigo usiguse rangi na bati moja kwa moja. Yaweza kuwa plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bodi, yaweza kuwa rangi nene ya kupuliza inayoganda ikawa ngozi ngumu, yaweza pia kuwa mkeka wa raba wa kutandika tu. Dukani zote zitaitwa bedilaina. Hapo ndipo mnunuzi anapokwama, maana kila moja inakinga kitu tofauti, na kila moja ina namna yake ya kuharibu gari.

Ndiyo, kuharibu. Wengi huchagua bedilaina wakiwa na hofu ya mikwaruzo, na mikwaruzo kweli inaudhi kwenye gari jipya. Lakini mkwaruzo peke yake hauli bodi. Kinacholila bati mpaka likatoboka ni maji yaliyotuama mahali yasipoonekana wala kukauka. Ukilishika hilo, maswali yote mengine ya bedilaina yanakuwa mepesi.

Rangi ya kiwandani, tabaka zake zote pamoja, ina unene wa kama milimita 0.1 hadi 0.15. Kona ya kreti ya soda ikiburutwa mara moja inaimaliza. Bati likishakuwa wazi, maji na hewa vinatosha kuanzisha kutu, na chumvi inaiongezea kasi. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar chumvi hiyo imo hewani, hata kama gari halijawahi kubeba samaki. Sasa linganisha sehemu mbili zilizochubuka: moja iko wazi juani, inalowa mvua ikinyesha na kukauka mchana wa pili. Nyingine iko chini ya plastiki, yenye tope, inakaa na unyevu wiki nzima. Hii ya pili ndiyo ya kuogopa, na mwenye gari haijui.

Tuanze basi na hiyo ya plastiki, kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi kwetu. Hutengenezwa kwa poliethilini nzito, plastiki ya jamii ile ile ya madumu ya mafuta. Hupashwa moto, ikafyonzwa kwenye kalibu, ikatoka na umbo la bodi ya Hilux, D-Max, Ranger au L200. Hufungwa kwa muda mfupi, haihitaji fundi rangi, na ukitaka kuuza gari unaivua. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inagawanya kishindo. Jiwe likirushwa juu yake, plastiki inabonyea kidogo na kurudi, na bati la chini linapona. Gunia nalo huteleza juu yake, jambo ambalo wapakuaji wanalipenda. Dereva halipendi, maana kwenye mlima mkali mzigo ambao haukufungwa vizuri unakimbilia mlango wa nyuma.

Tatizo lake liko chini. Plastiki ya aina hii hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na barabara ya vumbi huitikisa kila siku, kwa hiyo haitulii. Mchanga unaopenya pembeni hukaa katikati ya plastiki na rangi, ukawa msasa unaosugua saa zote gari likitembea. Baada ya miaka kadhaa utakuta migongo ya sakafu ya bodi imeng'aa chuma kitupu huku plastiki juu yake iko salama kabisa. Matundu ya kutolea maji kwenye kona za bodi nayo huziba kwa tope na majani. Na kama fundi alitoboa bati ili akaze skrubu, akaacha kingo za matundu bila praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, kutu itaanzia hapo hapo kwenye skrubu.

Ndiyo maana anayenunua pikapu iliyotumika asikubali kukagua bodi ikiwa imefunikwa. Pikapu nyingi zinazoingia Afrika Mashariki zikiwa zimetumika, hasa zile zilizoundwa Thailand, huwa na plastiki hii tayari ndani. Omba ifunguliwe. Muuzaji akisema skrubu zimeganda, hayo nayo ni majibu. Ikishanyanyuliwa, usiangalie katikati ya sakafu, papase kwenye kona mbili za mbele karibu na kebini, mahali tope hujikusanya, kisha pitisha kidole kwenye maungio ya sakafu na kuta. Rangi iliyovimba kama malengelenge ina kutu chini yake, hata kama juu haijapasuka. Ingia na uvunguni pia utazame sehemu hizo hizo kutokea chini, maana kutu ya kweli huonekana pande zote mbili.

Ukiwa na plastiki na unataka kuendelea nayo, dawa si ngumu: ivue kabla ya masika na baada yake, osha, zibua matundu, gusa rangi palipochubuka, acha ikauke juani, urudishe. Anayejijua hatafanya hivyo asiinunue.

Aina ya pili ni ya kupuliza, na kwa maoni yangu ndiyo kinga halisi ya bati, ila tu ikipigwa na anayeijua. Hii hushikana na bodi yenyewe, hivyo hapabaki nafasi ya maji wala mchanga kuingia. Mara nyingi ni poliyurethani, poliyurea, au mchanganyiko wa hizo mbili. Kwenye karakana zenye mashine kamili, dawa mbili hupashwa moto hadi nyuzi 60 au 70 hivi, zikasukumwa kwa shinikizo kubwa na kukutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia. Poliyurea huganda ndani ya sekunde chache. Sakafu hupata unene wa milimita 2 hadi 3, yaani karibu mara ishirini ya rangi ya kiwandani, na uso wenye chembechembe unaoshika mzigo usiteleze.

Kuna pia zile za chupa, ambazo fundi huchanganya na kigumuzi na kupuliza kwa kompresa ya kawaida, na zile za kopo za kupaka kwa rola. Hizi ni nyembamba zaidi na bei yake ni nafuu. Si mbaya. Zinafeli mara nyingi kwa sababu ya maandalizi, maana hata dawa ghali haishiki kwenye rangi yenye grisi. Kabla ya kulipa, mwulize fundi atafanya nini kabla ya kupuliza. Majibu unayoyatafuta ni haya: atafungua boliti na ndoano za kufungia mizigo badala ya kuzipuliza zikiwa mahali pake, atafuta mafuta na grisi kwa dawa, atapiga msasa bodi nzima mpaka mng'ao uishe, kutu ataikwangua mpaka chuma cheupe na kukipaka praima, na ukingo atauwekea utepe ili mstari uwe umenyooka. Akikwambia dawa hii inaua kutu yenyewe, ondoka. Kutu iliyofunikwa huendelea kula kimyakimya, na siku ikijitokeza utakuwa huna namna ya kuifikia ila kusaga ngozi yote kwa grainda.

Hali ya hewa nayo ina neno. Poliyurethani ikikutana na unyevu kabla haijaganda hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, na gesi hiyo huacha mapovu na vitundu. Kwa mtu wa pwani, kuipiga kwenye banda la wazi mwezi wa Aprili ni kutafuta hasara. Poliyurea huvumilia zaidi kwa kuwa inaganda upesi. Na kabla ya kuvutiwa na rangi nyeusi inayong'aa, uliza kama ina kinga dhidi ya jua. Nyingi hupauka na kuwa kijivu. Nguvu yake haiishi kwa hilo, lakini sura inaisha.

Kuna jambo moja ambalo sitalipita haraka. Kigumuzi cha dawa hizi kina isosianeti, kemikali inayojulikana kuwa chanzo cha pumu kwa wanaoifanyia kazi. Kitambaa puani hakizuii chochote, hata barakoa ya vumbi haitoshi. Mpulizaji anahitaji barakoa kamili ya kemikali, au bora zaidi ile inayoletewa hewa safi kwa mpira, pamoja na miwani na glavu, na kijana wa gereji asisimame karibu kutazama. Mteja naye ana haki ya kuliuliza hili.

Mpulizo una udhaifu wake: haukingi mbonyeo. Ukidondosha injini ya gari juu yake, ngozi itabaki nzima na bati litabonyea chini yake. Hapo ndipo mkeka wa raba unapokuja. Mkeka mzito, wenye unene wa kidole hivi, hunyonya kishindo, hushika mitungi ya gesi na jenereta isitembee, na magoti ya mpakuaji yanaushukuru. Haukingi kuta, na maji hukaa chini yake kama chini ya plastiki, ila kuuinua ni kazi ya dakika moja. Mpulizo chini na mkeka juu ndio mseto ninaoupendekeza kwa wengi. Zulia la manyoya tuwaachie wanaobeba mabegi.

Mafundi wetu wa kuchomelea wana jibu lao pia: chekapleti ya chuma, yaani bati nene lenye vinundu, juu ya sakafu. Kwa mawe ya machimbo haina mpinzani. Ila inaongeza uzito, na pikapu nyingi hizi hubeba kama tani moja tu, kwa hiyo kilo za chuma unazipunguza kwenye mzigo wako. Ikichomelewa juu ya bati bila kuzibwa kingo, maji huingia katikati yasitoke.

Basi anza na mzigo. Anayebeba samaki na barafu, maji ya chumvi yanamwagika kila siku, apige mpulizo na aache plastiki. Mbolea vivyo hivyo, kwa kuwa chumvi zake huvuta unyevu na kula chuma. Anayebeba ng'ombe na mbuzi anahitaji mpulizo kwa ajili ya mkojo na raba kwa ajili ya kwato, mnyama asianguke kwenye kona. Kokoto, matofali na vyuma chakavu vinataka plastiki nene au chekapleti. Ndizi, mboga na magunia ya mahindi havina ugomvi na yeyote, chagua kwa bei. Ukichagua chochote kati ya hivi, hakikisha na mlango wa nyuma umekingwa, kwa sababu ndipo kila mzigo unapoburutwa.

La mwisho linahusu petroli. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa onyo mwaka 1998 baada ya moto kuwaka watu wakijaza madumu ya petroli yakiwa juu ya bedilaina za plastiki. Petroli inayotiririka huzalisha umeme tuli. Kwa kawaida umeme huo hupotelea ardhini, lakini plastiki chini ya dumu inauzuia, unajikusanya, na cheche moja kwenye mvuke inatosha. Dumu la chuma haliko salama zaidi hapo. Nalo limetengwa na ardhi. Zulia lina hatari hiyo hiyo. Kwa hiyo shusha dumu, liweke chini sakafuni mbali kidogo na gari, mdomo wa pampu uguse dumu muda wote wa kujaza, lifunge, ndipo ulipakie.