Mtoto Anayezama Hamwiti Mtu: Dhana Potofu za Wazazi Waendao Mbudya na Bongoyo

Jumamosi iliyopita, nikiwa ukingoni mwa bwawa ninapofundisha watoto kuogelea, mama wa mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kwa furaha kwamba wiki inayofuata wanakwenda kisiwa cha Mbudya, hapa Dar es Salaam, na watoto wote wa ukoo. Nilipomuuliza ni nani atakayewatazama majini, alinijibu, "Mwalimu, usihofu, kule maji yametulia kama ya beseni, na mtoto akipata shida nitamsikia tu akipiga kelele." Maneno hayo nimeyasikia kwa akina mama, kwa akina baba, kwa mabibi, na hata kwa mwalimu mkuu mmoja aliyekuja kuniomba ushauri wa safari ya shule. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo, kwa hiyo leo nayajibu kwa maandishi.

Mtoto anayezama hapigi kelele. Sauti hutoka kwa pumzi, na mwili unaopigania pumzi hauna ya ziada ya kuitia mtu. Mdomo huzama na kuibuka, na kila unapoibuka muda hautoshi kutoa hewa, kuvuta nyingine, kisha kuita "baba". Mikono nayo haipungi hewani kama tunavyoonyeshwa kwenye filamu, bali hutanda pembeni na kuyakandamiza maji, kwa sababu mwili unatafuta mahali pa kujiinulia. Kichwa huegemea nyuma, kinywa huwa wazi usawa wa maji, na miguu karibu haipigi kabisa. Francesco Pia, mwokoaji wa Marekani aliyeieleza hali hii baada ya kuchunguza watu waliokuwa wakizama kweli, alionyesha kwamba mtu hubaki juu ya maji namna hiyo kwa sekunde 20 hadi 60 tu kabla ya kwenda chini. Sekunde 20 ni muda wa kumgeuza samaki kwenye sahani na kuuliza ndimu iko wapi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kisiwa cha Bongoyo, siku ambayo sikuwa kazini, yapata saa saba mchana. Binti wa miaka kama sita alikuwa majini, hatua nne kutoka kwa baba yake, ambaye maji yalimfikia kiunoni na alikuwa akimpiga picha kaka wa yule binti. Mtoto alikuwa kimya, uso umeelekea juu, nywele zimemfunika macho, na mtu angedhani anaota jua. Nilimwita, "Mama, vipi, uko salama?" Hakujibu, wala uso wake haukugeuka kunitafuta, nami nikaingia majini na nguo zangu zote. Alilia baada ya kuwa mikononi mwangu na kukohoa mara mbili tatu, na kilio hicho ndicho kilichomgeuza baba yake, ambaye kwa dakika nzima aliamini kwamba mimi ndiye niliyemliza mwanawe.

Kwa hiyo nawafundisha wazazi wa wanafunzi wangu jambo moja dogo, nalo ni kumwita mtoto kwa jina kila mara anaponyamaza. Akijibu, hata kwa kukasirika, ana pumzi. Asipojibu, usimwite mara ya pili, ingia majini.

Hapo ndipo hunijia wale wa "tupo watu wazima kumi, hawezi kukosekana wa kumwona." Wapo kumi kweli, na kila mmoja anaamini kwamba wale tisa wanatazama. Shangazi anahesabu mabeseni, mjomba yuko kwenye simu, kaka yuko kwenye bia yake ya tatu, na bibi anawatazama watoto wote kwa pamoja, jambo ambalo ni sawa na kutomtazama yeyote. Mimi hutumia kanga. Familia huchagua kanga moja yenye rangi kali, na aliyeivaa mabegani ndiye mlinzi kwa dakika 15, bila simu, bila chakula na bila mazungumzo yanayomfanya ageuze shingo. Akitaka kwenda chooni, huikabidhi kanga mkononi mwa mtu mwingine na kumtajia idadi ya watoto walio majini. Kuiacha juu ya mkeka hakuhesabiki kuwa ni kukabidhi. Wapo wanaonicheka kwa kanga hii, na nawaacha wacheke.

Dhana nyingine ni ya yale maji ya beseni. Maji ya ufukwe wa Mbudya wanakoshukia wageni yametulia kwa sababu ufukwe huo unatazama bara, na kisiwa chenyewe kinakinga upepo na mawimbi ya bahari kuu. Utulivu wa juu ya maji, hata hivyo, hauelezi kina. Siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, hapa Dar es Salaam maji hupwa kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mpaka kiasi cha saa kumi alasiri, yaani muda uleule ambao familia nyingi hushuka kisiwani, hula na kuogelea. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3, na maji hayapandi kwa mwendo mmoja, kwani karibu nusu ya kiasi hicho hupanda katika saa mbili za katikati, kati ya saa sita na saa nane mchana hivi. Hiyo ni mita 1.5 kwa saa mbili. Mtoto wa miaka sita aliyesimama mahali maji yanapomfika kiunoni anaweza kurudi palepale baada ya saa moja, akiwa ameshakula chipsi zake, na maji yakampita kichwa, ilhali bahari imetulia vilevile na mzazi anaona rangi ileile ya buluu aliyoiona asubuhi. Siku za maji mafu tofauti huwa ndogo zaidi, lakini ipo. Muulize nahodha kabla ya kupanda boti, kwa sababu hakuna nahodha wa Kunduchi asiyejua maji yanajaa saa ngapi, kisha ukifika chomeka kijiti ukingoni mwa maji uone baada ya nusu saa kiko wapi.

"Lakini ana boya." Boya la kupulizia, liwe la mikononi au lile kubwa lenye umbo la bata, ni kitu cha kuchezea. Msimu wa kusi, upepo utokao kusini, upepo huvuka kisiwa na kutoka nje kupitia ufukwe huohuo uliotulia, ukimsukuma bata na mtoto wake kuelekea kwenye mkondo, bila wimbi lolote la kukushtua. Jaketi okozi ni kitu kingine. Mfunge mtoto mikanda yote, ukiwamo ule wa katikati ya miguu, kisha mnyanyue kwa kulishika jaketi mabegani. Likipanda mpaka masikioni, si la kwake, na linapaswa kurudishwa kabla boti haijaondoka, hata nahodha akikuambia kwamba safari ni fupi.

Wengine huniambia kwamba wamelipa kiingilio, kwa hiyo waokoaji wapo. Kiingilio kile ni cha hifadhi ya bahari. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975 kwa ajili ya matumbawe na viumbe wake, na askari wa hifadhi si yaya wa mtu.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui hapinduliwi kichwa chini, wala hakamuliwi tumbo. Maji yanayotoka kwa kukamua ni ya tumboni, nayo hutoka na matapishi yanayoweza kuingia mapafuni, huku dakika zikipotea. Mpe pumzi tano za mdomo kwa mdomo kwanza, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa kila pumzi mbili, na mtu mwingine atafute boti ya kurudi bara. Akizinduka, bado anakwenda hospitali.

Kuhusu ile hofu kwamba kula kabla ya kuogelea ni hatari, mwacheni mtoto ale. Ningefurahi kama wasiwasi huo ungehamishiwa kwenye bia za wale wanaosema wanamtazama.

Ngozi nyeusi huungua na jua. Huungua polepole zaidi, na wekundu hauonekani, kwa hiyo mzazi hugundua usiku mtoto anapokataa kulalia mgongo. Fulana ya mikono mirefu kati ya saa tano na saa tisa inatosha kwa wengi. Mtoto mwenye ualbino anahitaji hiyo fulana, kofia pana, kivuli na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa KCMC, Moshi.

Mtoto akichomwa na konyeza, yule kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi ziwashazo, asikojolewe kama wengine wanavyoshauri. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zilizonasa kwenye ngozi bila kuzisugua, kisha loweka kwenye maji ya moto ambayo mkono wako mwenyewe unayavumilia. Wakaanga samaki pale ufukweni hawakosi moto wa kukuchemshia.

Yule mama wa Jumamosi amekubali kanga, na amekwisha kujua kwamba safari yao imeangukia siku ya bamvua. Kilichobaki ni nguo ya kuogelea aliyomnunulia mwanawe, ya buluu, yenye papa kifuani. Buluu hupotea majini hata katika kina cha magoti, na nimemwonyesha hilo kwa kuitumbukiza nguo yenyewe bwawani. Ameahidi kuirudisha dukani kabla ya Ijumaa na kuchukua ya rangi ya chungwa, ingawa mtoto ameapa kwamba bila papa haogelei.