Kujaza kifusi bondeni hakuondoi mafuriko

Upo ujumbe ambao kwa miaka mingi umekuwa ukizunguka katika makundi ya WhatsApp kila masika yanapokaribia, ukidai kwamba mabonde yenye majimaji jijini Dar es Salaam, kama lile la Msimbazi, ni ardhi iliyokaa bure, na kwamba yakijazwa kifusi, mafuriko na mbu vitakwisha. Tunaomba usiendelee kuusambaza, kwa sababu unaweza kumfanya mtu azike akiba ya maisha yake mahali pa maji.

Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu hadi Bahari ya Hindi, na mvua kubwa inaponyesha bonde lake hupokea maji, huyatandaza na kuyapunguza kasi, huku matete yakinasa tope. Kifusi hakiyafuti maji hayo. Huyasukuma kwa jirani. Mbu nao huzaliana hata katika kidimbwi kidogo kilichobaki katikati ya mawe.

Kinachowachanganya watu ni kiangazi, wakati ardhi hupasuka, watoto hucheza mpira, na kiwanja kilichoinuliwa huonekana kikavu kabisa. Anayetaka kuhakikisha atazame mstari wa tope kwenye kuta za nyumba za jirani, awaulize wazee wa mtaa maji hufika wapi, kisha apime umbali hadi ukingoni mwa mto, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60.