Databesi kuwekwa kwenye mashine pepe na ile HA wanayosema tunayo, maana yake nini hasa

Ukikaa na watu wa seva haichukui muda utasikia "sisi databesi zetu zote tumeshazikusanya, ziko kwenye klasta ya mashine pepe, kwa hiyo HA tunayo" (klasta ni kundi la seva zinazofanya kazi kama kitu kimoja). Hapo kuna vitu vitatu tofauti vimefungwa kifurushi kimoja, na hicho cha tatu, HA, yaani huduma kuendelea kupatikana hata kitu kikifa, mara nyingi hakimo kwenye kifurushi.

Mashine pepe kwanza, na hii ni fupi. Ni kompyuta nzima iliyotengenezwa kwa programu, inajiona ina prosesa yake, memori yake, diski yake, kumbe vyote kiini macho, chini kuna chuma kimoja (watu wanaita hosti) na programu inayoitwa haipavaiza ndo inamgawia kila mmoja fungu lake. Wazo lenyewe ni la zamani, IBM walitoa VM/370 mwaka 1972, ila kwenye seva za kawaida lilishika kasi baada ya VMware kutoa haipavaiza yao ESX mwaka 2001, alafu nyingine, KVM, ikaja kuingia ndani ya keneli (kiini cha mfumo) ya Linux mwaka 2007.

Kukusanya nako ni hivi: zamani kila databesi ilipewa seva yake, na seva nyingi zilikuwa zinakaa tu, prosesa haifanyi kitu cha maana ila umeme inakula, nafasi kwenye raki inachukua, na leseni inalipiwa kama kawa. Sasa unachukua databesi kumi zilizokuwa kwenye vyuma kumi unazibana kwenye vitatu. Unaweza kuipa kila databesi mashine pepe yake, au ukazirundika zote ndani ya injini moja ya databesi. Hiyo ya kurundika inabana zaidi kweli, ila siku ya kuweka pachi (marekebisho ya programu) mnazimika wote, na kweri (ombi la data) moja mbovu ya mwenzako inakunyonga na wewe, kwa hiyo mi nikipewa nafasi ya kuchagua nachukua mashine pepe kwa kila moja. Na leseni usidhani itashuka yenyewe, soma mkataba, kuna wauzaji wanahesabu kori (viini vya prosesa) zote za klasta nzima hata kama databesi yao inakaa hosti moja tu.

Kitu ambacho watu wa haipavaiza huwa wanakisahau ni kwamba databesi si mgeni (ndo wanavyoita mashine pepe inayokaa kwenye hosti) mpole kama seva ya tovuti. Databesi inashika memori kubwa makusudi ili isiwe inaenda diski kila saa, sasa haipavaiza ikiwa imeahidi memori kuliko iliyonayo (na inaruhusiwa kufanya hivyo) itaanza kuwapokonya wageni, na databesi ikishapokonywa inaangukia kwenye diski, inakuwa nzito, na wewe ukiangalia kwa ndani huoni kosa lolote. Ndo maana memori ya databesi unaiwekea akiba isiyoguswa. Jingine ni bekapu, kila databesi ilikuwa imepangwa saa sita usiku na hakuna aliyeumia maana kila moja ilikuwa na diski zake, leo ziko kumi kwenye storeji moja na zote zinaanza dakika ileile.

Haya, HA. Huwa inapimwa kwa tisa. Asilimia 99.9 kwa mwaka ni kama saa 8 na dakika 45 za kuwa chini, 99.99 ni kama dakika 52, na 99.999 ni dakika 5 na kidogo. Kile ambacho haipavaiza inakupa kwa jina la HA ni kwamba hosti ikifa, mashine pepe zake zinawashwa upya kwenye hosti nyingine. ZINAWASHWA UPYA, hazijaendelea. Mfumo unabuti, databesi inaanza kusoma logi yake (daftari la kila badiliko) ili kurudisha miamala iliyokatika njiani, na kama ilikuwa na kazi nyingi hiyo ni dakika kadhaa, bajeti yako ya tisa tano imekwisha kwa tukio moja. Watu wanajibu "lakini si kuna kuhamisha mashine ikiwa hai bila kuizima?" Ipo na ni nzuri sana kwa matengenezo uliyoyapanga, ila inakopi memori kutoka hosti moja kwenda nyingine na hosti iliyokufa haina memori ya kukopi.

Kwa hiyo ukitaka HA ya databesi lazima databesi yenyewe iwe na pacha anayepokea kila badiliko muda wote. Injini za databesi zenyewe zina kitu hicho: SQL Server wana Always On Availability Groups toka 2012, PostgreSQL wana replikesheni ya kutiririsha (mabadiliko yanamfuata pacha mfululizo) toka toleo la 9.0 la mwaka 2010. Hapo unachagua: muamala usubiri pacha akiri kwamba ameupokea, upoteze kasi kidogo, au usisubiri na ukubali kwamba ajali ikitokea vitu vya mwisho mwisho vinaweza kupotea.

Afu sasa kuna mtego ambao nimeukuta kwa macho yangu, pacha wawili wa databesi, kila kitu kijani kwenye dashibodi, kumbe haipavaiza kwa busara zake imewahamishia wote hosti moja. Hosti ikafa na pacha wote. Kuna sheria ya kuwatenganisha unaiandika mara moja tu, na ukishaiandika angalia kama wanachangia storeji pia.

Na nani anaamua pacha achukue usukani? Hapa ndo panahitaji akidi, yaani mashine angalau tatu zinazopiga kura na wengi wanashinda, maana wakiwa wawili na mtandao ukakatika kila mmoja anadhani mwenzake kafa na wote wanaanza kuandika. Hata wakubwa hukwama, GitHub (tovuti ya kuhifadhi kodi za programu) tarehe 21 Oktoba 2018 mtandao ulikatika sekunde 43 tu, mfumo wao ukapandisha databesi za upande wa pili wa Marekani, mtandao uliporudi kila upande ukawa na miamala ambayo mwenzake hana, na kurudi sawa kukachukua zaidi ya saa 24.

Ila kitu ambacho naona hakisemwi ni kwamba kukusanya na HA vinavutana kamba. Chukua hosti tatu, kila moja imejaa asilimia 80, bosi anafurahi hakuna kinachopotea. Moja ikifa, mzigo wa asilimia 240 unagawanywa kwa mbili, kila moja inatakiwa ibebe 120. Haiingii. Zikiwa kwenye 60 kila moja, zinazobaki zinabeba 90, zitahema ila zitafika. Hiyo nafasi tupu inayoonekana kama hasara kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi ndo HA yenyewe, na ndo ya kwanza kuliwa mtu akija na databesi ya kumi na moja.

Siku ukijaribu kwa kuzima hosti moja kweli, saa uisome upande wa aplikesheni, sio wa databesi. Mara nyingi databesi imeshahamia ndani ya nusu dakika na iko sawa kabisa, ila aplikesheni imeshikilia koneksheni za zamani, inagonga anwani ya mashine ambayo haipo, na itagonga hivyo hivyo mpaka mtu aamke aende akairestati kwa mkono.