Divelopa ni nani hasa, na dizaina anahamaje?

Juzi dogo mmoja wa Sakina, hapa Arusha, kanikuta napata chai, akafungua laptopu kunionyesha websaiti aliyoichora kwenye Figma (programu ya kuchorea muonekano wa websaiti), ya kampuni ya utalii, na kusema ukweli kitu kimetulia, rangi safi, Kibo imekaa pale juu na theluji yake, alafu kitufe cha "Weka nafasi" kikubwa cha kijani mpaka unatamani kukibonyeza hata kama hela ya kupanda mlima huna. Akaniambia kaka mi nataka niwe divelopa sasa, nimebakiza nini? Nikamuuliza, mtu akishabonyeza hicho kitufe inatokea nini? Akasema inakuja peji ya "Asante".

Basi mpaka uko hapo hapo. Dizaina anamfikisha mtu mpaka kwenye kitufe, divelopa anaanza kazi kidole kikishagusa.

Watu wengi mtaani wanadhani tofauti ni kwamba mmoja anachora na mwingine anaandika kodi (ya kompyuta jamani, sio ya TRA). Ila kuna madizaina wanaandika HTML na CSS kila siku na bado ni madizaina. HTML inasema hiki ni kichwa cha habari, hii picha, hii fomu. CSS, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1996, inasema viwe na rangi gani, vikae wapi, na mtu akifungua kwa simu vijipange vipi. Hazijui nani kalipa, hazijui nafasi zimebaki ngapi, ukifunga peji zimekusahau. Kukumbuka na kuamua, hiyo ndo dunia ya divelopa.

Chukua mfano wa tiketi za basi. Kila mtu wa Moshi anaijua Desemba, watu wanapanda kutoka Dar kuja kula sikukuu nyumbani, mabasi yamejaa, unafika na tiketi yako safi kabisa ya kiti namba 12 unamkuta mama kakaa hapo na mtoto mapajani, na yeye ana tiketi ya kiti namba 12, ugomvi unaanza, konda anajifanya hasikii. Ilitokeaje? Mawakala wawili, kila mmoja na kitabu chake, hakuna aliyejua mwenzake kauza nini.

Sasa websaiti ya tiketi inaweza kufanya huo huo ujinga, tena ikiwa imependeza. Wateja wawili wanabonyeza karibu wakati mmoja, programu inaiuliza databesi (lile daftari la websaiti ambamo kila kilichouzwa kinaandikwa) kiti 12 kiko wazi? Inajibiwa ndio. Ya mteja wa pili nayo inauliza, inajibiwa ndio, maana wa kwanza bado hajaandikwa. Wote wanaandikwa, wote wanapata "Asante". Dawa yake ni kuweka sheria kwenye databesi yenyewe kwamba basi hili, tarehe hii, kiti hiki, mstari ni mmoja tu, wa pili ukija ukataliwe pale pale. Ni sentensi moja fupi ya SQL, lugha ya kuongea na databesi, kujua kwamba inahitajika ndio kunachukua muda.

Kingine ni kutomwamini mteja. Bei ya safari ikiwa imekaa ndani ya fomu, mtu anayejua kufungua vifaa vya brauza (programu ya kufungulia websaiti) anaibadilisha dola 2,000 inakuwa dola 20 alafu anatuma, na seva yako (kompyuta inayoendesha websaiti) kama haiangalii bei yake yenyewe inapokea kwa furaha. Kwahiyo ukaguzi unaouweka kwenye peji ni wa kumsaidia mtu mwema asikosee, ukaguzi wa kweli unafanyika kwenye seva. Na mtandao nao, si unajua ukiwa barabarani unavyokatika, mtu kabonyeza lipa, kimya, kabonyeza tena, umemkata mara mbili. Kila oda inabidi iwe na namba yake toka mwanzo, namba ile ile ikija tena unajua ni ile ile, hukati tena.

Lugha zenyewe za kuandikia kodi hazitishi sana. Kuna mbili zilitoka mwaka mmoja, 1995. JavaScript aliiandika Brendan Eich akiwa Netscape, toleo la mwanzo kwa siku kumi hivi, hiyo ilizaliwa kufanya kazi ndani ya brauza, yani kwenye simu ya mteja (na sio Java, hizo zimefanana jina tu). PHP ikatoka kwa Rasmus Lerdorf, hiyo inakaa kwenye seva. Siku hizi JavaScript nayo inakaa kwenye seva kupitia programu inaitwa Node.js. Mi dogo nilimwambia aanze na PHP, najua wengine mtanicheka, ila hostingi (wanaokukodishia seva) nyingi za bei ndogo zinaipokea bila shida, na WordPress, mfumo wa kutengenezea websaiti, imeandikwa kwa PHP, na wateja wa hapa Arusha wakija na websaiti iliyokufa mara nyingi nnayokuta ni WordPress. React (ya kujengea peji kwa JavaScript) itamsubiri.

Alafu dizaina haanzi sifuri, hapa ndo watu wanajidharau bure. Yeye tayari anajua mtu anachanganyikiwa wapi. Nilimwambia dogo kabla hujagusa seva rudi Figma, uchore peji za mabaya, kiti kimeshachukuliwa, malipo hayajafika, mtandao umekatika, tarehe imepita. Kachora kumi na moja, akashangaa mwenyewe, maana kila peji kati ya hizo ni swali ambalo kodi itabidi ilijibu.

Zoezi la kwanza nililompa ni fomu ya basi moja, kiti kimoja. Katikati ya kuiuliza databesi na kuandika aweke makusudi sekunde tano za kusubiri, alafu achukue simu mbili, abonyeze hii, abonyeze na ile kabla tano hazijaisha. Jana usiku kanitumia picha ya simu mbili juu ya meza, zote zimeandika "Asante, kiti chako ni namba 12".