Ametundika daluga, sasa anashinda amejifungia ndani

Hapa Dodoma ukimwambia mtu nenda Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, anaona umemtukana, ndo maana wachezaji wastaafu wengi tunawapata wakiwa wamechelewa, kaletwa na mke au dada yake, usingizi hana na pombe imeshamchukua.

Jamani hii ni sonona, huzuni nzito isiyoisha, ni ugonjwa, hajarogwa na wala haringi. Mwaka 2015 FIFPRO, shirikisho la vyama vya wachezaji wa kulipwa, walitoa utafiti, asilimia 35 ya wanasoka wastaafu walioshiriki walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi, na waliowahi kuumia vibaya mara tatu na zaidi ndo hatari ilikuwa kubwa. Hebu fikiria mtu toka kijana kocha ndo anampangia ale nini alale saa ngapi, uwanja wa Jamhuri umejaa wanaimba jina lake, halafu goti linagoma, mkataba unaisha, simu haziiti tena, mazoezi ambayo mwili umeyazoea miaka yote yanakatika siku moja na mshahara nao hivyohivyo, ila ukoo mzima bado unamuomba hela kama vile anacheza. Hilo la mwisho linawatesa kuliko watu wanavyodhani.

Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani mwenye medali 28 za Olimpiki, amesema wazi kuna kipindi hakutaka kuishi. 2014 akaingia kwenye matibabu, na Rio 2016 akachukua dhahabu 5.

Kupona kunawezekana kabisa, ila nawaombeni subira. Dawa za sonona nafuu yake mara nyingi huanza kuonekana wiki ya 2 mpaka ya 4, na wengi wanaziacha kabla ya hapo wakidhani hazifanyi kazi, wengine wanaacha wakishajisikia vizuri na inarudi, wakati kwa kawaida unaendelea walau miezi 6 baada ya kupata nafuu. Kwa wengine maongezi na mshauri peke yake yanatosha. Mazoezi arudie taratibu, hata kufundisha watoto wa mtaani jioni kunasaidia.

Ukimleta mwambie daktari ukweli wote: aligongwa kichwa mara ngapi, dawa za maumivu anazomeza, pombe. Asipotaka kuja Mirembe aanzie kituo cha afya cha karibu. Na akianza kusema bora nife msimuache peke yake, ondoeni vidonge na sumu za shambani ndani, mleteni siku hiyohiyo hata kama ni usiku.