Mwanasaikolojia Anapoingia Chumba cha Mahojiano

Mwaka 2003 mvuvi mmoja Mtanzania alikamatwa Mogadishu, akaishia mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Alifungwa minyororo katika gereza la siri Afghanistan, giza totoro, muziki ukirindima usiku na mchana. Alipoachiwa mwaka 2008 alikabidhiwa karatasi isemayo kwamba si tishio kwa Marekani. Miaka mitano imekwenda.

Waliobuni mateso ya mpango ule wa CIA si askari magereza. Ni wanasaikolojia wawili, James Mitchell na Bruce Jessen, na kampuni yao ililipwa dola milioni 81.

Walichotumia ni elimu yetu wenyewe sisi wanasaikolojia, na hapo ndipo panaponiuma. Miaka ya 1960 watafiti walibaini kwamba mbwa aliyepigwa shoti za umeme asizoweza kuzikwepa hufika mahali akajilaza tu, hata njia ya kutoka ikiwa wazi. Ugunduzi huo umetusaidia kuwaelewa wagonjwa wa sonona. Wawili hawa waliugeuza: mahabusu asukumwe makusudi hadi akate tamaa kama yule mbwa. Agosti 2002, mahabusu mmoja wa CIA, Abu Zubaydah, alimwagiwa maji usoni, akifanywa ahisi anazama, mara 83.

Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilikuwa wapi? Kanuni zake za mwaka 2002 zilisema maadili yakigongana na sheria, na suluhu ikakosekana, mwanasaikolojia anaweza kufuata sheria. Sentensi moja tu, lakini mlango ulikuwa wazi. Ilirekebishwa mwaka 2010. Uchunguzi huru wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa baadhi ya viongozi wa chama walishirikiana na maofisa wa wizara ya ulinzi ili miongozo ya mahojiano isiwabane. Agosti mwaka huo baraza la APA lilipiga kura 157 kwa 1 kuwazuia wanachama kushiriki mahojiano ya usalama wa taifa. Mvuvi wetu na wenzake waliwashtaki Mitchell na Jessen. Mwaka 2017 kesi ikamalizwa kwa makubaliano.

Ukiletewa mwanasaikolojia ukiwa kizuizini, muulize kwanza: ripoti yako itasomwa na nani? Akikwepa, omba wakili. Mimi ninapompima mahabusu kwa amri ya mahakama, kabla sijafungua daftari humwambia: "Ndugu, leo sikuja kukutibu. Nitakayoandika yanakwenda kwa hakimu." Wengine hunyamaza hapo hapo. Nami hufunga daftari.