Je, wajua kwa nini akaunti isiyotozwa kodi haimfai kila mwekaji akiba Uingereza?

Aliyezoea benki za Afrika Mashariki akiweka akiba Uingereza hushangaa kuona riba inaingia nzima. Kenya, benki hukata asilimia 15 ya riba kabla haijakufikia. Tanzania hukata asilimia 10. Unapokea kilichobaki na habari imeisha. Uingereza nako ilikuwa hivyo, benki ikikata asilimia 20, mpaka tarehe 6 Aprili 2016. Tangu siku hiyo benki haikati kitu.

Lakini kodi haikufutwa. Benki hupeleka taarifa ya riba yako kwa mamlaka ya kodi, HMRC, nayo ikiona unadaiwa hubadilisha namba yako ya kodi kazini (tax code), ile inayomwonyesha mwajiri akukate kodi kiasi gani. Miezi mingi baadaye unakuta mshahara umepungua kidogo, na wengi hudhani mwajiri amekosea hesabu.

Hapo ndipo inapoingia ISA, ambayo wenyewe huitamka "aisa". Ni akaunti iliyoanzishwa Aprili 1999, na riba yake haitozwi kodi kabisa, hata ingekuwa kubwa namna gani. Kikomo kiko kwenye pesa unazoingiza: pauni 20,000 kwa mwaka wa kodi, unaoanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili. Nafasi usiyoitumia mwaka huu haihamii mwaka ujao, ndiyo maana kila mwezi wa Machi mabenki hupiga kelele za matangazo.

Ukisikia hivyo utasema, basi kila mtu akimbilie ISA. Ngoja kwanza. Sheria ileile ya 2016 iliyozuia benki kukata kodi ilimpa pia mwekaji wa kawaida kiasi cha riba ambacho hakitozwi, popote alipoweka pesa zake. Anayelipa kodi ya mapato ya asilimia 20 ana pauni 1,000 za riba kwa mwaka. Wa asilimia 40, yaani mwenye mapato yanayozidi pauni 50,270, ana pauni 500. Aliyevuka pauni 125,140 hana chochote.

Tuchukue hesabu halisi. Nesi ana pauni 20,000. Akaunti ya kawaida inampa asilimia 4, ISA ya benki hiyohiyo asilimia 3.8. Pengo la namna hiyo ni jambo la kawaida. Akaunti ya kawaida itamletea pauni 800, ISA pauni 760. Kama yuko kwenye kodi ya asilimia 20, pauni zake 800 zote ziko chini ya 1,000, hadaiwi hata senti. ISA ingempotezea pauni 40 kwa kumkinga na kodi ambayo haikuwepo.

Sasa mpe pesa hizohizo daktari bingwa wa asilimia 40. Katika pauni 800, 500 zinasalimika na 300 zinatozwa, kodi ni pauni 120, anabaki na 680. ISA ingempa 760. Na bosi wa asilimia 45, ambaye hana msamaha wowote, anabaki na pauni 440 tu. Huyo ukimwambia ISA haina maana atakucheka.

Kuna kundi jingine ambalo husahaulika: wenye kipato kidogo, hasa wastaafu. Mtu ambaye mapato yake mengine hayafiki pauni 17,570 ana nyongeza ya mpaka pauni 5,000 za riba kwa kodi ya sifuri, na nyongeza hiyo hupungua kadiri mapato hayo yanavyozidi pauni 12,570. Bibi mwenye pensheni ya pauni 14,000 kwa mwaka ana 3,570 za nyongeza hiyo, juu yake zile 1,000. Anaweza kupata riba ya pauni 4,570 bila kodi. Kumsukuma bibi huyo kwenye ISA yenye riba ndogo ni kumuonea.

Mbona basi miaka ya karibuni watu wengi wameanza kudaiwa kodi ya riba? Riba yenyewe ilipanda. Benki Kuu ya Uingereza ilishusha kiwango chake hadi asilimia 0.1 Machi 2020. Kufikia Agosti 2023 kilikuwa asilimia 5.25. Kwa riba ya asilimia 1, ulihitaji pauni 100,000 ili ufikishe riba ya pauni 1,000. Kwa asilimia 5, pauni 20,000 zinatosha. Kikomo chenyewe cha pauni 1,000 hakijaguswa tangu 2016.

Mtego mwingine uko kwenye akaunti za muda maalumu. Weka pauni 10,000 kwa miaka mitatu kwa asilimia 4.5, riba yote ilipwe mwishoni: utapokea takriban pauni 1,412 kwa mkupuo. Kama hukuweza kuigusa riba hiyo kabla, yote huhesabiwa kwenye mwaka mmoja wa kodi, na mtu wa asilimia 20 anadaiwa pauni 82 hivi. Ingelipwa kila mwaka, asingedaiwa kitu.

Kwa wanaoepuka riba kwa sababu za dini, benki za Kiislamu kama Gatehouse hutoa ISA zinazolipa faida badala ya riba. Kwa HMRC faida hiyo huhesabiwa kama riba, kwa hiyo hesabu zote za hapo juu ni zilezile.

Ukiamua kuhamisha ISA kwenda benki nyingine, usitoe pesa mwenyewe. Omba fomu ya uhamisho benki mpya, wao wamalizane na ile ya zamani. Ukizitoa kwa mkono wako kinga inakatika, na kuzirudisha huenda kukala nafasi yako ya mwaka.

Hesabu nazo zinabadilika. Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2027 walio chini ya miaka 65 wataweza kuweka pauni 12,000 tu kwa mwaka kwenye ISA ya fedha taslimu, yaani hii ya riba tunayoizungumzia, na kodi ya riba itapanda hadi asilimia 22, 42 na 47. Mwenye akiba inayokua haraka ana sababu ya kutumia nafasi ya 20,000 ingali ipo, hata kama leo hadaiwi.

Anayepanga kurudi Mombasa au Dar ajue kwamba akishahama Uingereza, baada ya mwaka ule wa kodi kuisha haruhusiwi kuongeza pesa kwenye ISA. Iliyopo anaweza kuiacha, na Uingereza haitaitoza kodi. Lakini hiyo ni sheria ya Uingereza. Nchi anayohamia ina sheria zake kuhusu mapato ya nje, na ni vizuri aziulize kabla ya kupanda ndege.